Moto na Petroli Visiabiri Chombo Kimoja

Katika tafrija zote ambazo bahari yetu huwakirimu wageni na wenyeji, sidhani kama iko inayopendwa kuliko matembezi ya siku moja ya mashua, ambayo watu huondoka asubuhi Forodhani, au Fumba, au Shela, au Watamu, wakapelekwa kwenye kisiwa kidogo au fungu la mchanga lililotokeza kwa maji kupwa, wakaogelea na kutazama samaki wa mwambani, na jua linapofika utosini wakaitwa kula changu, ngisi na kamba waliotoka mkaani saa hiyo hiyo, pamoja na wali wa nazi, ndimu na pilipili. Ni starehe halali, nayo ni riziki ya halaiki ya watu: mabaharia, wavuvi, wapishi, wauza mkaa, wauza barafu, na vijana wanaoita abiria ufukweni tangu alfajiri. Siombi desturi hii iondoshwe. Ninaloliomba ni kwamba kitu kimoja kilichomo ndani yake, nacho ni ile seredani ya kuchomea, kitazamwe kwa jicho ambalo hadi leo halijakitazama.

Dai langu ni fupi. Chombo kinachokwenda kwa petroli kisichukue moto, wala makaa yaliyo hai, madhali kimo safarini na kina abiria. Na atakayetaka kuchoma chakula humo chomboni afanye hivyo kwa masharti yanayojulikana, yaliyoandikwa katika leseni yake, na yanayokaguliwa kwa bidii ile ile inayotumika kukagua maboya ya kujiokolea. Ukaguzi tunaouona pwani aghalabu huhesabu vichwa vya watu na idadi ya maboya. Unapaswa sasa kuuliza pia moto umewekwa wapi, petroli imewekwa wapi, na baina ya viwili hivyo kuna nini.

Huenda akatokea mtu akasema kwamba moto chomboni si jambo la jana wala juzi, na kwamba wazee wetu walipika baharini karne nyingi bila ya karatasi ya serikali. Ni kweli, na ukweli huo unastahili kuzingatiwa, kwa sababu ndani yake mna elimu ambayo tumeiacha ikatuponyoka. Majahazi yaliyoshuka kutoka Ghuba kwa pepo za kaskazi, yakarudi kwa kusi yamesheheni boriti za mikoko za Lamu na Rufiji, yalipika chakula cha mabaharia ishirini au thelathini kila siku ya Mungu, juu ya chombo cha mbao kilichonyweshwa mafuta, chini ya tanga la nguo, ubavuni mwa shehena ya miti mikavu. Lakini walipikaje? Meko yao yalikuwa kasha la mbao nene, lililopigwa bati au kujazwa mchanga, likafungwa kwa kamba mahali pamoja pasipobadilika. Mafiga yalikaa ndani ya mchanga na si juu ya sitaha, na kingo za kasha zilipanda juu zikauzuia upepo usichezee moto. Mpishi aliupa mgongo upande wa joshi, ili cheche zikiruka ziangukie demani, baharini, zisilifuate tanga. Bahari ikichafuka moto ulizimwa, na watu wakala tende na samaki mkavu hata hali ilipotulia. Na neno la kuwasha au kuzima halikuwa la mpishi, wala la abiria mwenye njaa, bali la nahodha, aliyejua kwamba amana ya roho zote zilizomo imo mikononi mwake.

Kilichobadilika ni mwendo. Tanga limekunjwa, au limebaki kuwa pambo la kupigiwa picha, na tezini imefungwa mashine ya petroli; na petroli ina tabia ambayo kuni na mafuta ya nazi hazina. Kuni husubiri moto uzifikie, ilhali petroli huuendea moto wenyewe. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, seuze katika joto la Desemba la Unguja. Na mvuke huo ni mzito kuliko hewa takriban mara 3 au 4, kwa hiyo haupandi ukapeperuka, bali huteremka, ukatambaa chini ya mbao za sitaha, ukatuama katika ngama pamoja na maji machafu, ukingoja. Wala hauhitaji kuwa mwingi: sehemu 1.4 za mvuke katika sehemu 100 za hewa hutosha kuwaka. Macho hayauoni, na pua ya baharia anayeshinda karibu na mashine imeuzoea hata haiusikii tena.

Itazame sasa mashua yenyewe, kama ilivyo asubuhi yoyote pale ilipoegeshwa. Karibu na mashine pana dumu la lita 20, la plastiki ya manjano, lililokuwa la mafuta ya kupikia. Kifuniko chake kimepotea, na mdomo wake umezibwa kwa kitambaa kilicholowa. Mrija unaopeleka petroli mashineni umepasuka mahali pawili, na mahali pote pawili umefungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Kijana anamimina kwa faneli iliyokatwa katika chupa ya maji ya kunywa, matone yanaanguka juu ya mbao, naye anayapangusa kwa unyayo. Hatua nne mbele yake, juu ya gunia la mkaa, imekaa seredani. Hakuna kati ya watu hawa aliye mzembe kwa tabia: ni watu hodari, wanaoijua miamba na mikondo kuliko ramani yoyote. Lakini hakuna aliyewafundisha kwamba vitu hivi viwili, dumu na seredani, visingepasa kukaribiana hivyo, na mwajiri wao hakuona haja ya kununua dumu lenye kifuniko chake.

Yanayoweza kutokea hapo si ya kukisiwa. Tarehe 15 Aprili 2025, karibu na mji wa Mbandaka, pale mto Ruki unapoingia katika mto Kongo, chombo cha mbao chenye injini kilichoitwa HB Kongolo, kilichochukua mamia ya abiria, kilishika moto kikapinduka. Taarifa zilizotolewa huko zilieleza kuwa mwanamke mmoja alikuwa akiwasha moto wa kupikia, na mafuta ya injini hayakuwa mbali naye. Waliokufa walitajwa kuzidi 140, wakiwemo wanawake na watoto walioruka majini bila ya kujua kuogelea. Nimesoma maneno ya watu waliomlaumu mwanamke yule, nami siwezi kujiunga nao. Safari za mto ule huchukua siku nyingi, na anayesafiri na wanawe lazima apike. Kosa lilikuwa katika chombo kisicho na mahali pa moto wala mahali pa mafuta, ambamo kila kitu hukaa palipopatikana nafasi. Na kosa hilo hilo, kwa kipimo kidogo, limo katika mashua zetu za starehe, ambazo hazina hata udhuru wa safari ndefu.

Misiba ya kwetu ilitufunza somo jingine. Kuzama kwa MV Bukoba katika ziwa Victoria mwezi wa Mei 1996, kwa Spice Islander baina ya Unguja na Pemba mwezi wa Septemba 2011, na kwa MV Nyerere karibu na Ukara mwezi wa Septemba 2018, kulitutia hofu ya kupakia watu kupita kiasi, na hofu hiyo ni ya haki, kwa maana iliandikwa kwa machozi ya maelfu ya jamaa. Ndiyo maana tunahesabu. Lakini taifa lisingoje kila somo lifundishwe kwa mazishi. Husemwa, na husemwa hasa baada ya maiti kuopolewa, kwamba ajali haina kinga. Msemo huu una faraja kwa mfiwa, nao haufai kabisa kinywani mwa mwenye chombo, kwa sababu mvuke wa petroli hauwaki pasipo moto, na moto haupandi chomboni kwa miguu yake. Kuna mtu aliyeupandisha, na kuna mwingine aliyemwona akaupandisha asimkataze.

Saa ya kupandishwa kwake ndiyo ninayotaka tuitazame zaidi, kwa sababu hatari kubwa ya matembezi haya haiko wakati wa kuchoma, bali baadaye. Chukua fungu kama lile la Nakupenda, mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja. Kuchoma samaki pale juu ya mchanga ni salama kuliko popote: hakuna mbao, hakuna petroli, na upepo unachukua moshi ukaupeleka baharini. Lakini fungu si ardhi ya kudumu. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kupwa na maji kujaa Unguja hufikia takriban mita 4, na maji hayo yote hupanda katika muda wa saa 6 hivi, kwa hiyo mchanga uliokuwa uwanja saa tano huwa ukanda saa nane. Wageni wamechelewa kutoka kuogelea. Samaki wamechelewa kuiva. Sahani ya mwisho inapotolewa maji yamekwisha kuramba miguu ya meza, na nahodha anaita. Makaa wakati huo yako katika ukali wake. Vijana wawili wanaishika seredani kwa vitambaa, wanaingia majini hata kiunoni, wanaiinua juu ya mabega na kuitua ndani ya mashua, kando ya dumu, ikiwa inapumua moto, kisha mashine inavutwa kamba.

Kwa nini wasiyamwagie maji papo hapo, ilhali wamezungukwa na bahari? Jibu nililopewa na wapishi ni la insafu: jiko la udongo likimwagiwa maji lingali moto hupasuka, na jiko jipya hulipwa kutoka katika ujira wa mpishi, si wa mwenye mashua. Hapo ndipo mtu anapoona kwamba hatari haizaliwi na ujinga peke yake. Huzaliwa pia na hesabu ya nani atakatwa fedha. Dawa yake si ghali. Iwepo ndoo ya bati yenye kifuniko, itiwe maji ya bahari nusu, na makaa yamiminwe humo kwanza, hata yakizima yote ndipo seredani tupu ipande chomboni. Na jiko likipasuka, alilipe mwenye mashua. Kadhalika saa ya chakula ipangwe kwa jedwali la maji na si kwa matakwa ya wageni, ili moto uwe umekwisha kazi saa nzima kabla ya fungu kuanza kupungua. Yapo mazoea ya kuyafukia makaa mchangani na kuondoka. Nayo ni mabaya, kwa kuwa mchanga huyahifadhi yakabaki moto kwa saa nyingi bila ya dalili yoyote juu yake, na anayekuja kuyakanyaga ni mtoto asiye na viatu.

Wapo wanaotaka kula chomboni, na hao nao wana haki ya kujibiwa. Wamarekani wana chombo kinachosifiwa sana kwa karamu za namna hii. Mwaka 1952, katika jimbo la Minnesota lenye maziwa mengi, Ambrose Weeres aliweka jukwaa la mbao juu ya safu mbili za mapipa ya chuma yaliyounganishwa, na kutokana na fikira hiyo zikazaliwa mashua za jukwaa za leo, zenye mapipa marefu ya alumini, viti laini, zulia na kivuli cha turubai. Chombo hicho hutulia majini hata aliyemo hujiona yuko barazani kwake, na utulivu huo ndio unaomsahaulisha kwamba chini ya kiti cha nyuma kuna tangi la petroli. Kwa hiyo wajuzi wa huko husisitiza kwamba jiko lifungwe imara kwenye ukingo wa chombo, mbali na mdomo wa tangi, nanga iwe imetiwa na mashine imezimwa, turubai likunjwe, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, na mtu mmoja asiondoke mbele ya jiko hata litakapopoa. Watengenezaji wengi wa majiko ya gesi ya nyumbani huandika wazi kwamba jiko lao lisitumiwe chomboni kamwe. Msomaji aliyekumbuka lile kasha la mchanga la majahazi ataona kwamba hapa hakuna elimu ngeni: mahali pamoja, upande unaofaa, bahari tulivu, na mtu mwenye dhamana.

Ila kuna jambo moja ambalo mashua zetu za wazi haziwezi kulikwepa, nalo huwaponyoka hata mabaharia wazoefu. Chombo kilichotia nanga ya omo hugeuka kikaukabili upepo. Maana yake ni kwamba kila kinachopeperuka, moshi, jivu au cheche, husafiri kutoka omo kwenda tezi. Na tezini ndiko iliko mashine, ndiko liliko dumu. Ukiiweka seredani mbele, cheche zake zinapelekwa na upepo pale pale usipotaka zifike. Ukiiweka nyuma, umeiweka juu ya mvuke. Katika mashua ya mita 7 au 8 hakuna pembe ya tatu. Chombo kikubwa, chenye tangi lililofungwa chini na sitaha pana, kinaweza kupata mahali pa haki pa jiko ubavuni, upande wa demani, ndani ya kasha la chuma. Mashua ndogo haiwezi, na mwenye nayo asipewe ruhusa ya kujaribu: achome nchi kavu, au apakie chakula kilichopikwa nyumbani.

Gesi haibadilishi hukumu hii, kwa kuwa gesi ya mitungi nayo ni nzito kuliko hewa, na ikivuja huteremka katika ngama ile ile. Mvua inapoanguka ghafla, na turubai likashushwa pande zote ili wageni wasilowe, jiko la mkaa lililoachwa ndani, hata likiwa halina ulimi wa moto, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakidhani wanasinzia. Na mafuta ya samaki yakiwaka juu ya wavu, asije mtu akamwaga ndoo ya bahari. Maji yanayogeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, na mtanuko huo huyarusha mafuta yanayowaka hadi nguoni na usoni mwa waliosimama. Jiko lifunikwe, au litupiwe mchanga, au litandikwe blanketi lililolowa na kukamuliwa. Na mtungi wa unga wa kuzimia moto utazamwe kila mwezi, kwa sababu hewa ya chumvi huula mdomo wake ukakwama siku unapohitajika.

Usalama wa kuchoma si wa moto peke yake, maana chakula kinaweza kumdhuru mtu hata kama chombo kimerudi kizima. Jodari, nguru na vibua wana tabia inayostahili kujulikana na kila mpishi wa mashua: wakikaa juani bila ya barafu, nyama yao hujenga histamini, nayo haiondoki kwa moto wowote. Samaki aliyeharibika hivyo anaweza kuchomwa hata akauka, akanukia vizuri, na bado akamfanya mlaji kuwa mwekundu uso, kuumwa kichwa, moyo kumwenda mbio na kutapika kabla hajafika pwani. Kinga ni barafu, na barafu tangu samaki anapotoka majini, si tangu wageni wanapofika. Nimeona sanduku la barafu ambalo juu yake wamepangwa ngisi wabichi na chini yake zimelala soda na embe zilizokatwa, maji ya ngisi yakichuruzika juu ya matunda. Na nimeona koleo moja ikigeuza kuku mbichi na kumpakulia mgeni kuku aliyeiva. Masanduku mawili na koleo mbili hazimfilisi mtu. Kwa joto letu, chakula kilichoiva kisikae wazi zaidi ya saa moja, na kilichobaki kigawiwe mabaharia mapema, wale kingali na siha, badala ya kuhifadhiwa kwa jioni.

Najua watakaosema kwamba masharti haya yatamlemea mwenye mashua moja, mwenye deni la mashine na watoto wa shule. Nayachukua maneno hayo kwa uzito, kwa sababu mwenye mashua moja ndiye anayepata fungu dogo kabisa katika bei ambayo mgeni amelipa. Aliyeiuza safari ile, akiwa wakala au hoteli, ndiye aghalabu anayebaki na fungu kubwa, na hana hata tone la petroli nguoni mwake. Basi yeye ndiye alazimishwe kwanza. Mamlaka za usafiri wa majini za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zikiandika kwamba hakuna wakala atakayeuza matembezi yenye chakula cha kuchomwa ila kwa mashua yenye dumu la petroli lenye kifuniko chake, mrija mzima, ndoo ya bati ya makaa na mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa, na kwamba gharama ya vitu hivyo vinne ni juu ya wakala, mambo yatatengenea upesi kuliko kwa kumkimbiza baharia ufukweni na kumtoza faini asiyoweza kuilipa. Vyama vya wenye mashua navyo viwe na mamlaka ya kumzuia mwanachama asitweke nanga ikiwa seredani yake ina moto, kwa maana wao wako pale kila asubuhi, na mkaguzi wa serikali hayupo.

Na nahodha arudishiwe neno lake. Siku hizi ameshuka akawa dereva, anayeambiwa na kijana wa wakala saa ya kuondoka, saa ya kula na saa ya kurudi, na akisema hapana huitwa nahodha mwingine. Leseni itamke kwa herufi zisizo na shaka kwamba anayekataa kupandisha moto chomboni hawezi kunyimwa ujira wake wa siku hiyo, na kwamba anayemfukuza kwa sababu hiyo atapoteza ruhusa yake ya kuuza safari. Bila ya kifungu hicho, vifungu vingine vyote vitasomwa katika semina na kusahauliwa, kwa kuwa mtu mwenye hofu ya kukosa chakula cha wanawe hawezi kuutazama moto akauambia ubaki nchi kavu.